Nani Anakula Maboga Yako? Somo la Bustani ya Nyuma ya Nyumba



Mama mmoja anayeishi kusini mwa jiji aliingia ofisini kwetu na mfuko wa plastiki. Aliuweka mezani, akaufungua, na ndani mlikuwa na boga lililoliwa nusu. "Mwanangu," akaniambia, "jirani zangu hawanipendi. Hili ni la tatu. Leo nataka uniandikie barua niipeleke polisi."

Nililigeuza lile boga. Kwenye ganda kulikuwa na michirizi mipana, miwili miwili, kama imepigwa kwa patasi. Nikamwomba twende kwanza nikaione bustani. Tulipofika tukakuta mwiba mmoja mrefu, mweusi na mweupe, umelala karibu na geti. Barua haikuandikwa.

Simcheki mama huyu, maana mimi nilifanya vibaya zaidi. Msimu wangu wa kwanza hapa Johannesburg nilipanda maboga nyuma ya chumba nilichopanga, si mbali na hifadhi ya Klipriviersberg. Nilikuwa na hamu ya majani ya maboga kama alivyoyapika mama yangu. Asubuhi moja nikakuta mimea imevurugwa na maboga mawili yametafunwa. Papo hapo nikawashuku vijana wa nyumba ya jirani. Kwa nini wao? Kwa sababu walikuwa wakicheka kwa sauti kila nilipopita, na kwa kuwa sikujua Kizulu, kila kicheko nilidhani ni changu. Wiki mbili sikuwasalimia. Bibi yao, ambaye mtaa mzima humwita Gogo, ndiye aliyekuja ukutani ameshika miba mitatu. "Inungu," akasema. Nikasikia nungunungu. Neno ni lile lile, limefupishwa tu. Viazi vyake navyo vilikuwa vimechimbwa usiku ule ule. Aibu ya zile wiki mbili bado ninayo.

Kwa hiyo swali la kwanza katika somo hili ni hili: ni nani anayekula? Ukikosea hapo, pesa ya uzio itapotea, na huenda ujirani ukapotea pamoja nayo. Kwetu sisi wageni, ujirani ndio ulinzi wa kwanza.

Soma alama kabla ya kumtaja mtu

Wengi wetu tulipofika tulidhani mji mkubwa kama huu hauna wanyama wa porini. Wapo. Klipriviersberg peke yake ni vilima vya karibu hekta 680 ndani ya jiji, na nyumba zimepakana nayo. Humo wamo nungunungu na wamo paa wadogo ambao Wazulu huwaita impunzi. Unaoishi karibu na vilima vya mawe au bonde la mto, usishangae ukipata mgeni usiku.

Nungunungu huja gizani na kurudi shimoni kabla ya kupambazuka. Ni mnyama mzito, kilo 10 hadi 20 na mara nyingine zaidi, na ana meno ya mbele kama ya panya, ila makubwa. Hula boga kwa kulichonga, akaacha ile michirizi mipana. Huchimba viazi na mizizi. Hupita njia ile ile kila usiku, kwa hiyo utaona kijia kimekanyagwa chini ya geti au kwenye tundu la maji ya mvua ukutani. Na huangusha miba. Ukipata mwiba, kesi imekwisha.

Paa hafanyi hivyo. Yeye hupenda majani na machipukizi, na kwa kuwa hana meno ya mbele ya juu, hukata kwa kuvuta: utaona kikonyo kimechanika, hakikukatwa kwa usafi. Tafuta kwato ndogo mbili zenye ncha kwenye udongo laini. Panya huacha tundu dogo lenye alama nyembamba za meno, na mara nyingi wanachotaka ni mbegu za ndani. Kanga hufukua miche michanga mchana kweupe. Ama yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayepiga kelele alfajiri kama amefiwa, yule hadeda, msimguse: anatafuta minyoo na wadudu kwenye udongo, maboga hana haja nayo.

Mwizi wa miguu miwili je? Yupo pia, siwadanganyi. Lakini mtu huondoka na boga zima. Hakai bustanini usiku akalitafuna bichi.

Kama huna uhakika, fanya hivi: jioni lainisha udongo kuzunguka boga, usawazishe kwa mkono au kwa ufagio, umwagie maji kidogo. Asubuhi na mapema, kabla watoto hawajatoka, nenda ukasome. Piga picha kwa simu.

Uzio

Nyumbani tulijua la kufanya. Watoto walipiga madebe, wazee wakalala kwenye dungu, mbwa wakaachiwa. Hapa usijaribu. Mtu anayezunguka uani saa nane za usiku na panga na tochi, walinzi wa mtaa hawatauliza kama anamlinda boga. Acha uzio ufanye kazi, wewe ulale.

Nungunungu haruki wala si mpandaji. Yeye huchimba na kusukuma. Kwa hiyo uzio wake hauhitaji kuwa mrefu: mita moja inatosha. Kazi kubwa iko chini. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 au 40, shusha wavu humo, kisha ukunje upande wa chini uelekee nje, yaani upande anakotokea yeye. Akichimba, atakutana na waya. Tumia wavu wa waya mnene. Ule mwembamba wa banda la kuku ataukata au ataupinda, nami niliupoteza hivyo. Kama waya mnene ni ghali, mabati ya zamani yanafaa sana: yazike wima, sentimita 30 ziwe ardhini, na kingo kali uzikunje zisiwakate watoto. Mawe mazito yaliyopangwa chini ya geti husaidia. Ile nafasi ya chini ya geti ndiyo wengi wetu tunaisahau, tukazungushia bustani yote na kuacha mlango wazi.

Paa ni hesabu nyingine. Anaruka, kwa hiyo kwake unahitaji mita moja na nusu au zaidi.

Bustani ikiwa ndogo, usizungushie yote. Funika maboga yenyewe. Kila boga linaloanza kukomaa liwekee kikapu cha waya juu, ukikaze ardhini kwa vigingi. Naona wengine wanatumia kreti za mkate. Acheni hizo: ni mali ya kampuni za mikate, zimeandikwa jina, na polisi akikuuliza umeipata wapi hutakuwa na jibu. Tena zinasukumwa kirahisi.

Kabla hujachimba, mwombe ruhusa mwenye nyumba, na umuulize mabomba ya maji na nyaya za umeme zimepita wapi. Mpelekee ujumbe wa simu ili jibu lake libaki limeandikwa.

Utaambiwa pia utundike sabuni, umwage pilipili, utandaze nywele za kinyozi. Pilipili iliyopondwa na kitunguu saumu kwenye maji husaidia siku mbili tatu, halafu inakuja ile mvua yetu ya radi ya alasiri na kuosha kila kitu. Na mbwa? Mbwa hubweka, ni kweli, lakini akimrukia nungunungu ataumia. Nungunungu harushi miba kama tulivyosimuliwa utotoni. Hugeuka kinyumenyume akamsukumia adui, na miba huchomoka ikabaki mwilini. Mbwa aliyechomwa usoni anahitaji daktari wa mifugo au SPCA, si koleo la jikoni.

Sumu na mitego

Hapa naomba kila mzazi asome polepole.

Sokoni na kwenye kona za barabara huuzwa punje ndogo nyeusi kwenye vifuko visivyo na jina. Utaambiwa ni dawa ya panya, na jirani anaweza kukushauri uipake kwenye kipande cha boga. Oktoba 2024, watoto sita walifariki Naledi, Soweto. Vipimo vilionyesha terbufos, sumu kali ya wadudu iliyotengenezwa kwa mashamba makubwa, ambayo hairuhusiwi kabisa kutumika nyumbani lakini ilikuwa ikiuzwa mitaani kwa ajili ya panya. Wewe unachuma majani ya maboga kila siku. Mtoto wako anacheza kwenye udongo ule ule. Hakuna boga lenye thamani hiyo.

Mtu akimeza au akishika sumu ya namna hii, huweza kutoka mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka, kupumua kwa shida. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Kituo cha ushauri wa sumu ni 0861 555 777. Chukua na kile kifuko. Mapokezi ya hospitali wakianza kuzungumza juu ya karatasi, sema neno moja: dharura. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27(3), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia.

Mitego ya waya nayo iacheni. Najua nyama ya nungunungu ni tamu, nami niliila utotoni. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Wanyama ya mwaka 1962 inaadhibu ukatili kwa mnyama, na kuwinda wanyamapori kuna vibali vyake. Mtego hauchagui pia: utamnasa paka wa Gogo. Wewe mwenye karatasi ya kifungu cha 22 au cha 24 hutaki kuanza safari za mahakamani kwa ajili ya boga.

Kwa panya, ondoa kinachowaita: funika pipa la taka, usiache mabaki ya ugali uani, inua boga juu ya tofali au kipande cha ubao lisikae kwenye nyasi. Mitego ya kawaida ya chemchemi, ndani ya sanduku lenye tundu dogo, inatosha.

Jambo la mwisho ni kuvuna kwa wakati. Hapa tunapanda baridi ikishapita, kuanzia Septemba, na mimea hufa umande ukianza kuganda, mara nyingi Mei. Boga lililokomaa halifaidiki kwa kubaki shambani. Kikonyo kikikauka na ukucha ukashindwa kutoboa ganda, likate ukiacha kipande cha kikonyo, lianike juani kama siku kumi, usiku uliingize ndani. Kisha liweke pakavu, lisigusane na jingine.

Ukiwa na alama usiyoielewa, leta picha ofisini, au njoo na boga lenyewe kama yule mama. Na kama kuna jirani uliyeacha kumsalimia kwa sababu ya bustani, mpelekee fungu la majani ya maboga. Mwambie ni imifino. Atajua namna ya kuyapika.