Kusahau Uzeeni: Si Damu, Ni Maisha



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wengi wetu tumeuona. Mzee anauliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Mama anakwenda kisimani kwa njia aliyoipita miaka yote, anapotea. Mwisho hata mwanawe wa kumzaa hamtambui. Watu husema ni uzee tu, na wengine, kwa ubaya zaidi, husema ni uchawi. Siyo. Ni ugonjwa wa ubongo. Huwapata zaidi wazee, lakini wako wazee wengi wanaofika miaka tisini na akili zao timamu.

Leo tutautazama ugonjwa huu kule Marekani. Huko wazee Weusi hupatwa nao karibu mara mbili ya wazee Wazungu. Yaani, mahali penye wagonjwa kumi kati ya wazee Wazungu, utakuta karibu ishirini kati ya wazee Weusi wa idadi ile ile. Kwa nini?

Wapo waliofikiri kwamba ni damu ya mtu mweusi, eti ndivyo alivyoumbwa. Hebu tuone hesabu.

Kuanzia mwaka 1992 wataalamu waliwachunguza wazee wa miaka 65 na zaidi katika miji miwili. Mji wa kwanza ni Ibadan, Nigeria, ambako walifuatilia Wayoruba 2,459. Wa pili ni Indianapolis, Marekani, ambako walifuatilia Weusi 2,147. Tunajua jinsi mababu wa Weusi wa Marekani walivyofika kule. Walichukuliwa utumwani, na wengi walitoka Afrika Magharibi. Basi hawa ni watu wa asili moja. Majibu yalitolewa mwaka 2001. Kila mwaka, katika wazee 1,000 wa Ibadan, waliougua upya walikuwa kama 13 au 14. Katika wazee 1,000 wa Indianapolis walikuwa 32.

Asili moja, hesabu mbili! Tena wazee wengi wa Ibadan hawakusoma shule. Lakini shinikizo la damu na kisukari havikuwa vimewaenea kama wenzao wa Indianapolis. Kumbe jambo la kutazama ni maisha ambayo mtu ameishi, tangu utotoni.

Tumchukue mtoto wa mfano, Mweusi, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1940. Wazazi wake wanalima pamba katika shamba la Mzungu, kisha wanagawana naye mavuno. Shule yake ni ya Weusi peke yao, kwa sheria. Fedha inayopewa ni kidogo sana ukilinganisha na shule ya Wazungu. Wakati wa kuvuna pamba haendi darasani, anakwenda shambani. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani inatoa hukumu kwamba kutenga watoto mashuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Mtoto wetu ana miaka 14. Lakini wakubwa wa Mississippi wanakaidi kwa zaidi ya miaka kumi. Milango inapofunguliwa, yeye ni mtu mzima.

Anahamia Chicago kutafuta kazi. Tangu miaka ya 1930 shirika la serikali lilikuwa limechora ramani za miji, na mitaa ya Weusi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake ni hatari kukopesha hapo. Mkopo wa kununua nyumba mahali pazuri haupati. Wengi kama yeye walibaki katika nyumba kuukuu, karibu na viwanda na barabara kubwa. Moshi huo nao huudhuru ubongo.

Na hospitali? Kule kwao kusini nyingi zilimtenga Mweusi au kumkataa kabisa. Zilianza kubadilika mwaka 1966, serikali ilipoanza kulipia matibabu ya wazee na kusema kwamba hospitali yenye ubaguzi haitapata fedha hizo.

Hapa tukae kidogo. Shinikizo la damu halina kelele. Mtu anaweza kuwa nalo miaka ishirini naye analima, anacheka, anakula. Ndani ya ubongo mna mishipa midogo sana ya damu. Damu ikisukuma kwa nguvu mno kila siku, mishipa ile hukakamaa, mingine huziba. Sehemu isiyopata damu hufa polepole. Mtu mwenye wasiwasi wa kufukuzwa kazi, anayetukanwa kwa rangi yake, na asiye na daktari wa kumpima, ubongo wake unaumia kabla hajajua. Kusahau kunakuja akiwa na miaka 70, lakini chanzo chake kilianza zamani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa kisomo. Wataalamu wa New York waliwapima wazee Weusi na Wazungu waliosoma miaka sawa. Weusi walipata alama za chini. Lakini walipowalinganisha kwa uwezo wenyewe wa kusoma, tofauti ile ilipungua sana. Mwaka mmoja katika shule ya ovyo haukuwa sawa na mwaka mmoja katika shule nzuri. Daktari asiyejua hilo anaweza kumwita mzee mgonjwa, kumbe mzee alinyimwa shule tu!

Wako walioidai haki hiyo ukubwani. Mwezi wa Januari 1957, katika kisiwa cha Johns Island, South Carolina, watu wazima Weusi walianza darasa la usiku nyuma ya duka la ushirika, ili Wazungu wasishtuke. Mwalimu wao, Bernice Robinson, alikuwa msusi. Walitaka kusoma kwa sababu bila kusoma hawakuruhusiwa kupiga kura.

Mwaka 2024 wataalamu wa nchi mbalimbali walitaja mambo 14 yanayoongeza ugonjwa huu. Baadhi yake ni kukosa shule utotoni, shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa, upweke na hewa chafu. Walisema yote yakiondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepukana nao au wangechelewa kuupata. Mengine mtu huyaondoa mwenyewe, kama kuacha sigara. Lakini yule mtoto wa Mississippi hangeweza kujijengea shule.

Maswali ya kujadiliana

1. Mzee wa jirani ameanza kupotea njia. Watu wanasema nini juu yake, nanyi mtawajibu nini?

2. Katika kijiji chenu, nani amepimwa shinikizo la damu mwaka huu? Ambao hawajapimwa wamezuiwa na nini?