Nishani za Babu Aliyepigana Burma

Mimi ni mkazi wa Kihonda, hapa Morogoro, na kazi yangu ni kununua na kuuza vitu vya kale: sarafu za Mjerumani, saa za mfukoni, taa za chemli, na siku hizi nishani za askari waliopigana vita vya Waingereza. Marehemu babu yangu, mjomba wake mama, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Alipofariki, bibi, ambaye ni dada yake, alizitunza nishani zake nne pamoja na cheti chake cha kuachishwa jeshi. Baadaye mama akanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye ninayevijua vitu hivi. Sasa dalali mmoja wa Dar es Salaam anasema atanipa shilingi elfu sitini kwa nishani peke yake, au laki mbili nikimpa na cheti na picha ya marehemu. Watoto wa marehemu wamesikia, wanasema ni mali ya baba yao. Wajomba zangu wa Mkuyuni wanasema ni za lukolo, yaani ukoo wa kukeni, mtoto hana haki nazo. Nami nina kijana chuoni anadaiwa ada. Tena, ndani ya mfuko wa koti la mtumba nimekuta nishani ya Marekani yenye umbo la moyo, nyuma ina jina la mtu. Je, niuze? Na biashara hii inafaa?
Mwenye Amana, Kihonda

Mwanangu, maadamu umeuliza waziwazi, nami nitakujibu waziwazi kabla ya kukueleza sababu: nishani za babu yako usimuuzie dalali huyo, si kwa elfu sitini wala kwa laki mbili, na cheti kile usikitoe mkononi mwako hata kwa kuazimwa usiku mmoja. Biashara yako kwa jumla siikatazi, lakini ina masharti, nayo nitayataja.

Yazingatie kwanza maneno ya dalali mwenyewe, kwani bila ya kukusudia amekwisha kukufunulia siri ya kazi yenu. Nishani zile zile nne, akizipata tupu, anazithamini kwa elfu sitini. Akizipata zimefuatana na karatasi moja iliyochakaa na picha ya kijana aliyevaa kofia ya kiaskari, bei yazidi mara tatu. Basi ile laki na elfu arobaini iliyoongezeka ni bei ya kitu gani, ikiwa si ya jina la babu yako? Serikali ya Uingereza, ilipotoa nishani za vita vya 1939 hadi 1945, haikuwachorea majina askari wake wa KAR, tofauti na ilivyofanya baada ya vita vya kwanza, ambavyo nishani zake ukizigeuza ubavu utaona aghalabu zimechorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Hivyo nyota ya Burma ya babu yako haitofautiani hata kwa nukta moja na nyota ya askari wa Nyasaland au wa Yorkshire. Ziko nyingi mno duniani, na huko London huuzwa kwa makumi machache tu ya pauni. Ile karatasi ndiyo inayozifanya kuwa nishani za mtu mmoja aliyezaliwa chini ya milima ya Uluguru, na siku itakapotengana nazo hakuna fundi wala mwanachuoni atakayeweza kuziunganisha tena.

Sina shaka kwamba ukifungua kisanduku chako utaziona kama ninavyozijua. Nyota mbili za rangi ya shaba iliyofifia, zenye pembe sita, katikati zina herufi za Mfalme George wa Sita na taji juu yake: moja imeandikwa miaka ya vita vyote, nayo utepe wake ni mistari mitatu sawasawa, buluu iliyoiva, nyekundu na buluu ya mbingu, ya pili ni ya Burma, utepe wake una nyekundu pana katikati na buluu pande mbili, ambayo kila moja imepasuliwa na mstari wa rangi ya chungwa. Kisha nishani mbili za duara zenye weupe wa sarafu, na nyuma ya mojawapo yupo simba aliyemkanyaga joka mwenye vichwa viwili. Zitazame vizuri, lakini nakusihi usizisugue kwa majivu na ndimu kama wafanyavyo wengi wapatapo kitu cha shaba, kwani weusi ule wa miaka themanini ndio ithibati ya ukale wake, na mnunuzi ajuaye hukimbia kilichong'arishwa. Wala usizifunge katika mfuko wa nailoni, maana kwa unyevu wa masika ya kwenu utepe utaota ukungu kabla ya mwaka kwisha. Kitambaa cha pamba na kopo kavu vinatosha.

Na alikuwa wapi babu yako hata akaipata nyota ile? Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake vilikuwamo vikosi vya KAR vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, ilitolewa Ceylon ikaingia Burma, ikawafuata Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, katika tope lililowazamisha nyumbu na magari, na malaria iliyowaangusha watu wengi kuliko risasi. Wala haikusita mpaka ilipofika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Kijana aliyepita katika hayo alirudi Morogoro akiwa na kiinua mgongo kidogo na zile nishani nne, na mwaka 2019 hati za kale zilipofichuliwa ilidhihirika wazi kwamba kiinua mgongo hicho kilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipewa hata theluthi tu ya alichopewa Mzungu wa cheo kama chake. Nakuambia hayo ujue kwamba mtu huyu amekwisha kupunjwa mara moja katika malipo yake, na sitaki apunjwe mara ya pili na kizazi chake mwenyewe.

Kuna habari nyingine ambayo kila nikiisoma moyo hunisimama. Askari waliompigania Mjerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao wengi wao walipita huko huko kwenu Morogoro wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Jenerali Smuts mwezi Agosti 1916, walibaki wakidai malipo yao mpaka mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa wale waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Na waliokuwa hawana kitu walipewa fagio, wakaamrishwa kwa Kijerumani washike silaha, nao wakaitii amri ile kama waliotoka gwarideni jana. Wale miili yao ilikuwa ingali hai kutoa ushahidi. Babu yako hawezi tena kushika fagio, na shahada yake yote imebaki katika kisanduku ulicho nacho.

Sasa nije kwenye mirathi, ambako ndiko penye uzito. Nimekuwa nikiheshimu siku zote desturi ya Waluguru ya kurithi kukeni, ambayo kwayo mali na hata jina la marehemu huwaendea watoto wa dada zake, wala sioni kuwa wajomba zako wa Mkuyuni wanasema jambo geni. Ndiyo sheria waliyokuta kwa wazee wao, na kwa sheria hiyo wewe mwenyewe umo katika lukolo hiyo, ila u nyuma ya wajomba zako. Walakini nao watoto wa marehemu wana hoja ambayo haipuuziki, kwani kama alikuwa Mwislamu, kama walivyo wengi wa upande ule wa milima, basi Kurani imewataja warithi na mafungu yao, na mtoto hawi nje ya urithi wa baba yake. Mimi si kadhi wala si hakimu wa mahakama ya mwanzo, na sitathubutu kukata shauri hili kutoka mezani pangu. Lililo bayana kwangu ni kwamba pande zote mbili zina haki ya kuulizwa, na kwamba mama yako alikukabidhi uhifadhi, hakukupa umiliki. Umejiita Mwenye Amana kwa kalamu yako mwenyewe, na aliyepewa amana hana ruhusa ya kuinadi. Waite wajomba na watoto wa marehemu siku moja, mbele ya mama yako, uwaonyeshe kila kitu, hata karatasi ya bei ya dalali ukiwa unayo. Wakikubaliana nishani zikae kwa mmoja wao, mpe. Wakikubaliana wote, kwa hiari na bila ya njaa ya mmoja kuwasukuma wengine, kwamba ziuzwe, basi ziuzwe zote nne pamoja na cheti, zisitenganishwe, na bei igawiwe hadharani. Mimi nitasikitika, lakini sitasema mmedhulumu.

Ama hiyo nishani ya Marekani, kwa sifa ulizonipa ni ile wanayoiita Purple Heart, ambayo hupewa askari aliyejeruhiwa au kuuawa vitani, na ina sura ya George Washington juu ya moyo wa zambarau. Kuiuza si kosa kwa sheria za kwao, kwani iliyokatazwa kuuzwa ni Medal of Honor. Lakini jina lililochorwa nyuma aghalabu lina maana kwamba mwenyewe alijeruhiwa au alikufa, na yuko mama, au mjukuu, aliyeipoteza bila ya kujua imepotelea wapi. Kipo chama huko Marekani kiitwacho Purple Hearts Reunited ambacho kazi yake ni kuzirudisha nishani hizo kwa jamaa zake bila ya malipo. Waandikie, au upeleke habari katika ubalozi wao Dar es Salaam. Mtu aliyekaa Ohio akatafutiwa jina la ndugu yake mpaka katika robota la mitumba la Morogoro amefanyiwa insafu. Nami nataka Mluguru afanyiwe iyo hiyo na mtu wa Kihonda.

Mintarafu ya biashara yenyewe, hujafanya haramu kununua na kuuza nishani za kale, na wako wakusanyaji waungwana ambao bila wao vitu vingi vingekwisha kuyeyushwa pamoja na vyuma chakavu. Lakini usimnunulie bikizee wa Matombo au Kinole kwa bei ya kilo ya shaba ilhali unajua bei ya Dar es Salaam. Mwambie thamani, kisha patana naye. Usinunue kwa kijana aliyeichomoa sandukuni kwa siri, na ukiona anataka kukuuzia upesi kabla ya magharibi, mwulize wazee wake wako wapi. Kila unachonunua kiandike daftarini: kimetoka kijiji gani, kwa nani, marehemu aliitwa nani, alikuwa kikosi gani. Ukiletewa nishani za jeshi letu la leo, za Vita vya Kagera au nyinginezo, usizishike kabla ya kumwuliza mshauri wa mgambo wa wilaya, na kitu chochote kitakachotoka nje ya nchi uwaulize kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa.

Kuhusu ada ya kijana wako, laki mbili hazitamaliza deni la chuo, zitaliahirisha tu mpaka muhula ujao, nawe utakuwa huna nishani na deni lingali pale. Nenda ukaonane na mhasibu wa chuo uombe kulipa kidogo kidogo, na uuze katika bidhaa zako zile sarafu na saa ambazo hazina mwenye kuzililia. Na kabla ya kikao na jamaa zako, kesho kama waweza, kipige picha cheti kile pande zote mbili, uchapishe nakala tatu, moja ya mama, moja ya wajomba, moja ya watoto wa marehemu, kisha mwulize mama yako kila analolikumbuka kwa mjomba wake, hata kama ni wimbo wa gwaride au jina la rafiki aliyebaki huko, uliandike lote.