SOMO LA WIKI: SHAMBA LA NABOTHI
Someni: 1 Wafalme 21, Luka 19:1-10

Wengi wetu tuliacha mashamba nyumbani, na leo wanalima wengine. Neno hili linatuhusu.

1. Mungu huona. Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, wazee wakatii, mashahidi wawili wakasema uongo, Nabothi akapigwa mawe. Kwa wanadamu kesi ilikwisha. Mungu akamtuma Eliya.

2. Mungu humshtaki pia anayefaidika. Ahabu hakushika jiwe, lakini Eliya alimkuta shambani akamshtaki kwa kuua na kunyang'anya.

3. Toba ya kweli hurudisha. Ahabu alifunga na kuvaa gunia, naye Mungu akaahirisha adhabu. Lakini hatusomi kwamba shamba lilirudishwa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne.

Basi tusilipize kisasi. Kesi yetu iko kwa Mungu. Nasi tujichunguze: je, posho ya mjane au blanketi la jirani limo nyumbani mwetu? Tulirudishe kabla Eliya hajapiga hodi.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini Ahabu alihesabiwa mwuaji?
(b) Wiki hii utarudisha nini, na kwa nani?