Somo la Robo Hii: Kuandika Majina ya Waliopotea

Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi la Chile, chini ya Jenerali Augusto Pinochet, lilipindua serikali iliyochaguliwa na wananchi. Wengi walikamatwa, wengine hawakuonekana tena.

Mwezi uliofuata, Askofu Mlutheri Helmut Frenz na Askofu Mkatoliki Fernando Ariztía waliongoza kamati ya kuwasaidia. Familia zilileta majina, kamati ikayaandika na kuyapeleka mahakamani. Mwaka 1975 Frenz alizuiwa kurudi nchini na kamati ikafungwa. Kanisa Katoliki liliendeleza kazi hiyo.

Mwaka 1988 wananchi walimkataa Pinochet kwa kura. Utawala wa kiraia uliporejea mwaka 1990, kumbukumbu zile ziliisaidia tume ya ukweli.

Swali la kujadili: Je, kamati yetu inaandika nini leo kitakachomtetea mnyonge kesho?