Kabla hujalipia mkoba wa aligeta

Wadogo zangu, wengi mnaniuliza swali moja: mkoba unauzwa bei ya kutisha, muuzaji anaapa ni ngozi ya aligeta, nitajuaje?

Anza na tumbo. Aligeta, yule jamaa wa mamba anayeishi kwenye mabwawa ya Louisiana na Florida huko Marekani, ngozi yake hupimwa kwa upana wa tumbo, pale palipo papana zaidi, maana huko ndiko kuna magamba laini ya mraba yanayokunjika vizuri. Mgongo una vibonge vya mfupa, na ni wachache wanaoutaka. Ngozi ya sentimeta 20 hadi 30 hutoa mikanda ya saa na pochi, kwa kuwa magamba yake madogo hukaa vyema kwenye kitu chembamba. Mkoba wenye uso mpana usioungwa unahitaji sentimeta 40 au zaidi, na kumlisha mnyama mpaka afike hapo ni gharama. Bei huanzia hapo.

Kwa hiyo mkoba mkubwa ugeuze, utafute mishono. Kuunga si kosa. Hata mikanda ya suruali mara nyingi huungwa. Kosa ni kulipia ngozi nzima ukapewa viraka.

Kisha sogeza macho karibu. Mamba wetu wa Nile, huyu wa Turkana na Rufiji, ana vitundu vidogo kwenye magamba ya tumbo. Aligeta hana vitundu hivyo tumboni. Ana alama ya kitovu, michirizi kama utando wa buibui, na mafundi hodari huiweka mbele makusudi ionekane. Ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa mara nyingi haina kitundu wala kitovu, na magamba yake hujirudia yale yale. Ng'ombe ni ngozi imara, nunueni bila aibu, ila kwa bei ya ng'ombe.

Sasa hili naomba mnisikilize sana. Aligeta aliwindwa hadi mwaka 1967 Marekani ikamweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Louisiana, iliyokuwa imefunga uwindaji tangu 1962, iliufungua tena 1972 kwa masharti makali. Wenye mabwawa wakaona faida ya kuyatunza: wafugaji wa aligeta huwalipa kwa mayai ya porini, kisha hurudisha bwawani sehemu ya aligeta waliokwisha kukua kiasi. Mwaka 1987 ikatangazwa kwamba aligeta amepona. Nidhamu hiyo ndiyo inayomlinda, ndiyo maana ngozi halali hufungwa lebo yenye namba, na biashara ya kuvuka mipaka hutaka kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Anayekuletea mkoba kutoka Dubai au Marekani, muulize kibali kabla hujauliza bei. Akianza kuzungukazunguka, usitoe hata arubuni. Na ukinunua mwenyewe safarini, omba nakala ya karatasi hizo, uzibebe pamoja na risiti kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku, ili watu wa forodha wakikuuliza uwaonyeshe papo hapo.