Mume Asihamishiwe Sebuleni

Mama mwenye saratani akirudishwa nyumbani Shinyalu au Malava kutoka wodi ya Kakamega, jamaa hufurika kumuuguza. Ni jambo jema. Ila mara nyingi dada mtu hukichukua kitanda, mume akatandikiwa sebuleni, na wenyewe hawajaulizwa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mwili, moyo na roho hutibiwa pamoja. Mapenzi yamo humo. Basi ninyi mnaouguza:

1. Waacheni walale pamoja wakitaka. Kitanda kikiwa chembamba, tandikeni magodoro mawili chini. Saratani haiambukizwi kwa busu wala kwa tendo la ndoa. Semeni hivyo waziwazi, maana wapo wanaume wanaohama chumba kwa hofu hiyo, na wake zao wakadhani wamechukiwa.

2. Pigeni hodi. Kisha ngojeni mwitikiwe.

3. Wapangieni saa. Mofini ya maji huchukua kama nusu saa kutuliza maumivu, na asubuhi mwili huwa na nguvu kuliko usiku. Mto chini ya magoti husaidia. Dozi isiongezwe bila muuguzi kusema.

4. Wamuulize muuguzi bila haya. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi hukausha na kubana uke. Jeli ya maji hupunguza maumivu. Dawa za homoni za saratani ya tezi dume huondoa hamu na nguvu, na mke anastahili kuelezwa kwamba ni dawa, mumewe hajamchoka. Baada ya kemo, kondomu itumike kwa siku chache kwa kuwa dawa hutoka na majimaji ya mwili. Damu ikitoka, wasubiri ushauri wa daktari. Na kama muuguzi ni rika la mwana wao, waombe mwingine wa umri wao.

5. Mume apewe kazi ya mikono: kumwogesha mkewe, kumpaka mafuta mgongoni, kumkalisha juani. Wengi hufukuzwa eti hiyo ni kazi ya wanawake. Lakini mgonjwa akisema hataki kuguswa leo, hataki. Ndoa haimnyang'anyi neno hilo.

6. Wodini, ombeni pazia livutwe kwa dakika chache.

7. Mzee mwenye wake wawili aulizwe mwenyewe anataka nani alale karibu naye usiku huu. Asijibiwe na mwanawe mkubwa.