SOMO: HOFU YA NAHASHI
Tusome: 1 Samweli 8, 1 Samweli 12:12



Kwa nini wana wa Israeli walidai mfalme? Samweli anawakumbusha: walimwona Nahashi, mfalme wa Waamoni, akija juu yao, wakaogopa. Na Nahashi alikuwa adui kweli. Lakini Samweli alikwisha kuwaonya kwamba mfalme huyo atatwaa wana wao, mashamba yao na mifugo yao.

Sisi Wakongomani tulipita njia hiyo. Mwezi wa tano 1960 tulichagua wabunge, na Patrice Lumumba akawa Waziri wa Kwanza. Katanga ilipojitenga, aliomba Urusi msaada wa ndege. Mara wakasema: huyu ni mkomunisti. Mwenyewe alikana. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alimwondoa. Wabunge na maseneta walijadili neno hilo, wakapiga kura, wakakataa. Hiyo ndiyo demokrasia: kusikia mashtaka, kumsikia mtu, kisha kuhesabu kura. Ilidumu siku chache tu. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akawasimamisha wanasiasa, akafukuza ubalozi wa Urusi na wa Chekoslovakia. Lumumba akauawa tarehe 17 Januari 1961.

Hatusemi hofu ile ilikuwa ya bure. Huko Urusi makanisa mengi yalifungwa, na wachungaji walifia gerezani. Lakini tuangalie matunda. Mobutu alitwaa utawala wote tarehe 24 Novemba 1965, na wakubwa wa Magharibi walimtegemeza kama ngome ya kuzuia ukomunisti. Mwaka 1970 MPR ikawa chama kimoja tu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika siku za mapumziko, na Serikali ikatwaa mashule ya makanisa. Mobutu alikuwa ametembelea China na Korea ya Kaskazini, akapendezwa na namna watu wa kule walivyopangwa kumsifu kiongozi. Wazee wetu wanakumbuka kuimba na kumchezea Mobutu. Ngome ilikwenda kujifunza kwa wale tulioambiwa itatulinda nao!

Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja. Nahashi alipotoweka, mlinzi naye alikosa neno la kujitetea.

Katika vikundi tuulizane: leo tunaambiwa tumwogope nani? Na anayetuambia anataka tumwachie nini mkononi?